Kuzima au kuondoa antivairasi kwenye kompyuta: Lini ni sawa, lini ni kujitafutia balaa

Kompyuta imekuwa nzito. Feni inavuma kama gari linalopanda mlima, faili la Word linachukua dakika nzima kufunguka, na kila mara kinatokea kidirisha kwenye kona ya skrini kikidai leseni ilipiwe. Ushauri wa kwanza kutoka kwa mtu yeyote aliye karibu huwa ni mmoja: "Toa hiyo antivairasi."

Kuna wakati ushauri huo ni sahihi kabisa. Kuna wakati ndio mwanzo wa kupoteza picha za familia, ripoti ya chuo iliyoandikwa mwaka mzima na nywila za barua pepe, vyote kwa usiku mmoja.

Tofauti inatokana na maswali mawili: nani kasema izimwe, na ikishazimwa nani anabaki kulinda?

Kwanza, ni kweli antivairasi ndiyo inayolemea?

Kabla ya kuilaumu, inafaa kuhakikisha. Kwenye Windows, ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja inafunguka Task Manager, ambayo inaonyesha kila programu inakula kiasi gani cha prosesa, memori na diski. Antivairasi ya Windows yenyewe inaonekana hapo kwa jina la "Antimalware Service Executable".

Ikipanda kwa dakika kadhaa kisha ikashuka, ilikuwa inakagua mafaili tu. Hiyo ni kazi yake, na haina haja ya kuondolewa. Ikiwa kinachokula memori ni kivinjari chenye kurasa 30 zilizofunguliwa, au diski ya zamani imefika asilimia 100 muda wote, kuondoa antivairasi hakutasaidia kitu. Mashine itabaki nzito vilevile, tena bila ulinzi.

Kuna hali moja ambapo lawama ni ya haki: antivairasi mbili kwenye kompyuta moja. Kila faili linalofunguliwa linakaguliwa mara mbili, na wakati mwingine programu hizo zinashukiana zenyewe kwa zenyewe. Hapo moja lazima itoke.

Kuzima ni tofauti na kuondoa

Watu wengi wanachanganya mambo haya mawili.

Kuzima ni kuisimamisha kwa muda. Programu inabaki ndani ya kompyuta, na inaweza kurudi kazini kwa kubofya mara moja au kwa kuwasha upya mashine.

Kuondoa ni kuitoa kabisa, pamoja na huduma zake zote zinazojiendesha chinichini. Ikishatoka, kuirudisha kunahitaji kupakua upya, na hapo bando linaliwa.

Ipo pia njia ya tatu ambayo wengi hawaifahamu: kuiambia antivairasi iliache faili moja tu, huku ikiendelea kulinda vingine vyote. Mara nyingi hiyo ndiyo njia iliyokuwa inahitajika tangu mwanzo.

Windows ina mlinzi wake tayari

Kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 inakuja na Microsoft Defender, antivairasi kamili isiyolipiwa. Mtu akiweka antivairasi ya kampuni nyingine, Defender inakaa pembeni yenyewe. Ile nyingine ikiondolewa, Defender inarudi kazini yenyewe.

Ndiyo maana kuondoa antivairasi ya majaribio iliyokuja na laptopu mpya, ambayo muda wake umeisha na kila siku inadai pesa, si kosa. Antivairasi nyingi zikiishiwa leseni zinaacha kupokea orodha mpya ya virusi. Mlinzi asiyejua wezi wa leo anakula nafasi bure.

Kwenye mashine za zamani hali ni nyingine. Katika Windows 7, programu iliyoitwa Windows Defender ilikuwa ya kukamata programu za kupeleleza tu, haikuwa antivairasi kamili. Ilikuja kuwa kamili kwenye Windows 8, mwaka 2012. Kwa hiyo anayeondoa antivairasi kwenye Windows 7 anaiacha kompyuta mlango wazi. Tena mfumo huo uliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tangu Januari 14, 2020.

Jinsi ya kuzima Defender kwa muda

1. Bofya Start, andika "Windows Security", kisha ifungue.
2. Chagua "Virus & threat protection".
3. Shuka hadi "Virus & threat protection settings", bofya "Manage settings".
4. Kwenye "Real-time protection", sogeza swichi iwe Off. Windows ikiomba ruhusa, bofya Yes.

Ikizimwa hivi, Defender haikagui mafaili mapya yanayoingia. Haikai hivyo milele, kwani baada ya muda mfupi inajiwasha yenyewe. Wengine hukasirika wakidhani ni hitilafu, kumbe Microsoft imeiweka hivyo makusudi kwa sababu watu husahau.

Kwenye ukurasa huohuo kuna swichi nyingine inayoitwa "Tamper Protection". Kazi yake ni kuzuia programu nyingine zisibadilishe mipangilio ya Defender kwa siri. Hiyo haina sababu ya kuguswa nyumbani. Programu au maelezo ya mtandaoni yakisema nayo izimwe, hapo ni pa kusimama na kujiuliza mara mbili.

Antivairasi za kampuni nyingine

Nyingi zina alama ndogo chini kulia, karibu na saa. Ikibofywa kwa kitufe cha kulia cha mausi, inaleta orodha yenye chaguo la kusimamisha ulinzi. Avast, kwa mfano, inatoa nafasi ya kuzima kwa dakika 10, kwa saa moja, hadi kompyuta iwashwe upya, au moja kwa moja.

Chaguo salama ni la muda mfupi zaidi. Anayechagua "moja kwa moja" kwa kazi ya dakika 5 ndiye anayegundua miezi mitatu baadaye kwamba hakuwahi kuiwasha tena.

Kama ni lazima kuzima, kuna mambo ya kufanya kabla: programu inayotakiwa iwe imeshapakuliwa kutoka tovuti ya mtengenezaji wake, flashi zote zichomolewe, na Wi-Fi izimwe. Kazi ikiisha, antivairasi iwashwe kwanza, intaneti ifuate.

Kuruhusu faili moja badala ya kuzima zote

Antivairasi nazo hukosea. Programu halali ya mahesabu ya duka au kifaa cha kuandikia programu kinaweza kushikwa kama mwizi.

Kwa Defender, ukurasa uleule wa "Manage settings" una sehemu upande wa chini inayoitwa "Exclusions". Hapo mtumiaji anabofya "Add or remove exclusions", kisha "Add an exclusion", na kuchagua faili au folda husika. Faili lililokwishawekwa karantini linapatikana kwenye "Protection history", ambako linaweza kurudishwa.

Kosa la kuepuka ni kuruhusu folda nzima ya Downloads au diski nzima ya C. Huko ni sawa na kumwambia mlinzi akague kila mtu isipokuwa wanaopita getini.

Kwa faili lenye mashaka, VirusTotal inasaidia. Ni tovuti ya bure, iliyo chini ya Google tangu 2012, inayokagua faili moja kwa antivairasi nyingi kwa pamoja. Programu ikilalamikiwa na antivairasi moja tu, huenda ni makosa. Ikilalamikiwa na 40, hakuna cha kujadili. Ila mafaili ya siri kama kitambulisho au mkataba yasipandishwe huko, kwa sababu kinachopandishwa kinaweza kuonwa na wengine.

"Zima antivairasi kwanza": mtego wa kreki

Hapa ndipo wengi wanapolizwa. Mtu anatafuta Office, Photoshop au gemu bila kulipia. Anapata faili, na pembeni kuna maelezo: zima antivairasi kabla ya kufungua, usiogope, ni tahadhari ya uongo tu.

Wenye kutengeneza virusi wanaijua tabia hiyo vizuri, na wanaitumia.

Mfano unaojulikana ni STOP, inayoitwa pia Djvu. Hiki ni kirusi cha kudai fidia ambacho kimesambaa sana kupitia programu za kreki. Kikiingia kinafunga picha, nyaraka na video, kinabadilisha mwisho wa majina ya mafaili, kisha kinaacha ujumbe kwenye faili linaloitwa _readme.txt. Ujumbe huo umekuwa ukidai dola 980 za Marekani, au dola 490 kwa atakayewasiliana nao ndani ya saa 72.

Mtu aliyekwepa kulipia programu anajikuta anadaiwa pesa inayozidi bei yake, na hata akilipa hana uhakika wa kurudishiwa kitu. Oktoba 2019, kampuni ya usalama ya Emsisoft ilitoa kifaa cha bure kilichoweza kusaidia waathirika wa aina 148 za kirusi hicho. Aina zilizokuja baadaye zimekuwa ngumu zaidi, na wengi hawajapata mafaili yao hadi leo.

Wapo pia wezi wa kimyakimya. Desemba 2021, kampuni ya Red Canary ilieleza kuhusu nakala bandia za KMSPico, programu inayotumika kuiwasha Windows bila leseni, zilizokuwa zimebeba kirusi cha CryptBot. Chenyewe hakifungi faili lolote. Kinachota nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali, na mwenye kompyuta hashtuki hadi akaunti zianze kuingiliwa.

Mtego wa pili ni wa simu. Mtu anapiga akijitambulisha kuwa ni wa Microsoft, anasema kompyuta ina virusi, anaomba aruhusiwe kuingia kwa mbali, kisha anaelekeza antivairasi izimwe. Microsoft haipigii watu simu hivyo. Dawa ni kukata.

Kanuni hapa ni fupi: faili ambalo lenyewe linaomba mlinzi aondoke ndilo linalohitaji kukaguliwa zaidi.

Jinsi ya kuondoa kabisa

Kabla ya kuanza, nakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje au hifadhi ya mtandaoni. Angalia pia karantini kama kuna faili lako halali lililoshikiliwa humo. Kisha:

1. Funga programu zote zilizo wazi.
2. Fungua Settings, chagua "Apps". Kwenye Windows 11 ingia "Installed apps". Kwenye Windows 10 ni "Apps & features".
3. Tafuta jina la antivairasi, bofya "Uninstall".
4. Soma kila dirisha linalokuja. Nyingine zitauliza kama unataka kubaki na sehemu fulani, au zitatoa ofa ya bei nafuu ili usiondoke.
5. Washa upya kompyuta, hata kama haijaomba.

Jambo linalosahaulika ni malipo. Kuondoa programu hakusitishi usajili. Kama kadi ya benki iliunganishwa ili leseni ijilipie kila mwaka, pesa itaendelea kukatwa mpaka mwenye kadi aingie kwenye akaunti yake kwenye tovuti ya kampuni na kusitisha mwenyewe.

Ikigoma kutoka

Antivairasi zimetengenezwa zisiondolewe kirahisi, maana virusi navyo hujaribu kuziondoa. Kwa hiyo nyingine hugoma, au hutoka nusu na kuacha mabaki yanayoizuia antivairasi mpya kuingia.

Fundi anayeingia kwenye "Program Files" na kufuta folda kwa mkono anaongeza tatizo. Huduma na madereva yake yanabaki yakitafuta folda ambayo haipo tena.

Njia sahihi ni kifaa cha kuondolea kinachotolewa na kampuni yenyewe, bure. McAfee wana MCPR, Kaspersky wana kavremover, ESET wana ESET Uninstaller, na Norton na Avast nao wana vya kwao. Kipakuliwe kutoka tovuti ya kampuni husika tu, kwa sababu vipo vya bandia.

Baadhi, kama cha ESET, hutakiwa kuendeshwa kwenye Safe Mode. Kuingia huko, shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", na mwisho bonyeza namba 4. Kompyuta iliyofungwa kwa BitLocker inaweza kudai ufunguo wa dharura hapo, hivyo uwe nao kabla ya kuanza. Kwa wengi unapatikana kwenye akaunti yao ya Microsoft.

Kwa wenye Mac, kuburuta alama ya antivairasi hadi kwenye pipa la taka mara nyingi hakutoshi. Itumike njia ya kuondolea inayotolewa na kampuni hiyo. Ulinzi wa Apple wenyewe, XProtect, unabaki ndani ya mfumo.

Baada ya hapo, nani yuko zamu?

Hatua hii inachukua dakika moja, na ndiyo inayorukwa na wengi. Fungua tena "Windows Security". Alama ya kijani kwenye "Virus & threat protection" inamaanisha kuna anayelinda. Nyekundu au njano inamaanisha kuna kazi haijaisha. Kujua ni programu gani hasa iko zamu, ingia Settings za ndani ya Windows Security, kisha "Manage providers". Halafu rudi "Virus & threat protection", bofya "Check for updates" ili orodha ya virusi iwe ya leo.

Anayetaka uhakika zaidi anaweza kutumia faili la majaribio la EICAR. Ni maandishi ya herufi na alama 68 yasiyo na madhara yoyote, ambayo antivairasi zimekubaliana kuyashika kama kirusi. Ukilipakua kutoka tovuti ya EICAR na antivairasi ikapiga kelele, ipo kazini. Ikinyamaza, kuna tatizo.

Kama iliachwa imezimwa na faili likafunguliwa

Usisubiri dalili. Kata intaneti, chomoa flashi, washa antivairasi na ukague kompyuta nzima. Defender ina ukaguzi mwingine mzito zaidi chini ya "Scan options" unaoitwa Offline scan. Unawasha upya mashine na kuikagua kabla Windows haijaamka, kwa takribani dakika 15, hivyo kirusi hakipati nafasi ya kujificha.

Nywila zibadilishwe, lakini kwa kutumia simu au kompyuta nyingine. Anayebadilisha nywila ya barua pepe kwenye mashine ileile yenye kirusi anamkabidhi mwizi funguo mpya. Barua pepe ianze, kwa sababu ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote.

Kama flashi ilitumika kipindi hicho, nayo ikaguliwe kabla haijapelekwa stationery kuprintiwa kitu. Kirusi cha flashi kinachogeuza folda kuwa shotikati huishi kwa safari hizohizo, kutoka mashine moja hadi nyingine.

Antivairasi peke yake haitoshi

Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilianza kuvamia kompyuta katika nchi takribani 150. Kiliingia kupitia tundu la Windows ambalo Microsoft ilikuwa imelitolea sasisho mwezi Machi mwaka huo. Waliokuwa wamesasisha walikuwa wameliziba tundu hilo miezi miwili kabla.

Somo hilo linawahusu wenye Windows 10 sasa. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya mfumo huo Oktoba 14, 2025. Imesema Defender itaendelea kupata orodha mpya za virusi kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini orodha ya virusi haizibi matundu ya mfumo wenyewe. Kwa mashine inayoweza kupokea Windows 11, kuhamia huko kuna maana kuliko kununua antivairasi ya pili.

Kilichobaki ni nakala. Picha na nyaraka zikiwepo kwenye diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakili, hata siku ambayo mtu amekosea na kuzima ulinzi kwa sababu ya gemu la bure, atakachopoteza ni jioni moja ya kuweka Windows upya. Kama hakuna nakala, nakili kwanza, ndipo uguse hiyo swichi.